Unga wa Watoto kwenye Novena

Siku hiyo ya novena ya Krismasi, sala za siku tisa za nyumba kwa nyumba, ilikuwa zamu ya nyumba ya Nubia, na Eduvigis, mjane asiyekosa sala, alifika mapema. Nubia ndiye aliyewalea watoto wa mtaa ule wa mji wa Pasto nyumbani kwake, kwa ada ndogo, huku serikali ikileta chakula, hasa unga wa uji. Ndiyo maana Yolima, binti wa Eduvigis, aliweza kufua mashuka hotelini na mshahara ukafika mwisho wa mwezi.

Ila mjukuu, Neider, siku hizi alirudi na njaa ya kulia. Uji wa kwa Nubia ulikuwa maji meupe tu. Nafuu ya ada ikawa inaishia kwenye mikate na maziwa ya jioni, na mbavu za mtoto bado zilihesabika.

Sala ilipokwisha, Nubia akapitisha sinia la natilla, ule uji mzito wa maziwa na mdalasini unaogandishwa na kukatwa vipande.

"Kuleni, majirani, mnaona haya ya nini? Nyumba hii haina njaa."

Eduvigis akatia kipande mdomoni. Chini ya mdalasini kulikuwa na vanila, na nyuma ya vanila ladha ya soya. Aliijua. Zamani, Neider aliporudi ameshiba, alimpangusa uji mashavuni kwa kidole, kisha akakilamba. Unga wa serikali.

Akakitema kipande kwenye kitambaa.

"Nubia mwanangu, umepikia unga gani?"

"Wa mahindi, mama. Umenogewa, sasa unataka siri ya mapishi?"

"Huu ni wa watoto."

Vijiko vikasimama. Halafu kimoja kikaendelea, na kingine. Hilo lilimchukiza kuliko unga wenyewe. Mzee Aristides, aliyetoka kuongoza sala muda huo huo, akalamba kidole.

"Sikukuu hii, Eduvigis. Kidogo tu."

Yolima, aliyekaa kando yake, akamvuta shali. "Mama, nyamaza. Akishtakiwa na kufungiwa, mtoto nitamwacha na nani? Kazi itaniponyoka."

Nubia alisikia, akatabasamu. "Msikilize mwanao, bibi. Yaya wa mjini mtamweza?"

"Sitakushtaki," Eduvigis akasema. "Ila Jumatatu alfajiri nitakuwa jikoni kwako. Mfuko utafunguliwa mbele yangu, uji nitakoroga mimi, na sitoki mpaka watoto wote wamekula. Hivyo hivyo kila siku. Sina mume wa kunisubiri."

"Jikoni kwangu? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya hawa wageni wako. Ukinizuia, nitapeleka hiki kipande ofisi ya serikali; waulize, wakiitwa huko watasema walikula nini hapa."

Aristides akaiweka sahani yake mezani, polepole.

"Alfajiri mlango huwa umefungwa," Nubia akasema, sauti imepungua.

"Nitabisha."

Akakunja kitambaa, akaaga. Njia nzima alitema mate pembeni. Ile vanila haikutoka mdomoni.