Mikono Iliyopumzika

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Kisiki mbele ya foleni nzima, kwenye ghala la mbolea ya ruzuku. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu akishajikita mahali hang'oki, na siku hiyo pia hakung'oka. Alikifuta kidole gumba kwenye suruali, akakibandika tena kwenye kioo. Taa ikawaka nyekundu.

"Mzee, vidole vyako havina mistari," karani akamwambia. "Jembe limeila yote. Kaa wiki kadhaa bila kulima, upake mafuta, itarudi. Bila kidole mfuko hautoki."

"Yaani niache kulima ndipo serikali iamini mimi ni mkulima?"

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, lakini mfuko hakutoa. Mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki kwa bei, na udongo wa Kisiki ulishachoka. Bila ruzuku, mahindi yake yangeishia kuwa majani ya mbuzi.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kikohozi kikamkatiza. Kifua kilikuwa kikimsumbua muda mrefu. Jioni akaishika mikono ya mumewe akaipaka mafuta ya kupikia, kidole kimoja kimoja.

"Bwana harusi wangu," akamtania. "Ulinioa una sugu, leo unalainika uzeeni!"

Mvua ikaanza, na mvua haingoji kidole cha mtu. Mke akashika jembe. Kisiki akabaki mlangoni, mikono imeviringishwa vitambaa, akimsikia akikohoa shambani. Roho ikamuuma. Akawa anaamka kabla ya mkewe, analima kidogo, anarudi kitandani kimyakimya. Aliporudi ghalani, mashine ikamkataa tena.

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameyaona matuta asiyoyalima yeye.

"Baba watoto, unalima kwa kuiba, kama mtoto anayekomba sukari? Ukiligusa jembe tena, mbolea tutaisikia kwa jirani."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu niachie mwenyewe."

Akalichukua jembe, akawa analala nalo upande wake wa kitanda.

Alimaliza kupanda peke yake, mvua ikimpiga mgongoni. Mstari wa mwisho ulipinda. Kisiki alipouchungulia kutoka mlangoni, mkewe akamjibu kabla hajasema: "Mahindi hayajui rula!" Kisha homa ikampanda, kifua kikabana, akapelekwa hospitali. Alifia huko, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia.

Majirani walichimba kaburi. Watoto wakaja, wakampikia baba yao, wakamfulia, wakarudi makazini kwao. Jembe lilibaki pale pale upande wa marehemu, na Kisiki hakuligusa. Hakuwa akiifikiria mashine. Alikuwa ameisahau kabisa. Hakuona tu alime tena kwa ajili ya nani.

Siku ya mwisho ya ugawaji, jirani yake alimkuta amekaa kitandani.

"Mahindi yamegeuka manjano, ndugu yangu. Shemeji hakuyapanda ili yafe."

Neno hilo ndilo lililomng'oa.

Ghalani alibandika kidole bila hata kukitazama. Taa ikawaka kijani.

"Hongera, mzee!" karani akapiga makofi. Hakuwa na habari, masikini. "Si nilikuambia? Safari hii umepumzika kweli kweli."

Kisiki akakitazama kidole chake. Kilikuwa laini, na mistari yote ipo.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nimepumzika."

Siku ileile aliingia shambani na mbolea, akaiweka kwenye kila shina kwa mkono. Ilimwasha na kumchoma, maana sugu zilizokuwa zikimkinga hazikuwepo tena. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alipiga magoti, akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akachota mbolea nyingine, akaufuata mstari hivyo hivyo ulivyopinda, hadi mwisho.