Usukani Ulionyooka

Tulikuwa tumeshaipita Kiminini gari liliposhika breki lenyewe.

Ilikuwa kona ya kulia. King'ora chembamba kililia ndani ya dashibodi, taa ya manjano yenye picha ya gari linaloteleza ikawaka, na pua ya gari ikavutwa kushoto kuelekea mtaroni, kana kwamba mtu amelikamata gurudumu moja kwa mkono. Kutoka kiti cha nyuma niliuona mguu wa Wacuka, aliyekuwa akiendesha. Haukuwa juu ya breki. Alishindana na usukani, akaturudisha barabarani, na trekta lililobeba miwa likatupita likipiga honi.

"Wewe unaendesha ama unalima?" alifoka baba yake, Kagwe, aliyekaa kando yake.

"Sijaguza kitu, Baba."

"Ati gari imejifunga breki yenyewe? Imekuwa ng'ombe?"

Mimi nilitazama dirishani. Sanduku langu la spana lilikuwa katikati ya miguu yangu na nguo zangu zote zilikuwa ndani ya gunia. Nilikuwa nimeomba lifti hadi Bungoma, ili nifike Malaba mpakani, na kutoka hapo popote. Ndivyo nilivyoishi tangu ujana: miaka miwili mji huu, mitatu mji ule, kisha nahama kabla watu hawajaanza kurudi na lawama. Sikuwa mwizi. Nilikuwa fundi asiyengoja kuona kazi yake inavyozeeka.

Kagwe, mkulima wa Saboti, alikuwa ameniletea gari hilo Kitale wiki iliyotangulia. Ni la Kijapani, alilinunua likiwa limeshatumika huko Japani, na alitaka nilinyanyue lisilalie tumbo kwenye matope ya shambani. Nikalitia springi ndefu na shoki mpya, likasimama likatazamika. Tatizo lilikuwa moja: likienda mbele moja kwa moja, usukani ulilala kushoto.

Dawa yake niliijua. Unaingia chini ya gari, unalegeza vyuma viwili vinavyogeuza magurudumu ya mbele, unavizungusha kidogo, unapima, unarudia. Hiyo ni nusu siku. Mimi nilichomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka machoni. Dakika ishirini. Fundi mmoja wa Eldoret aliwahi kunionya nisifanye hivyo kwa gari lenye kompyuta, maana kwenye mtaimbo wa usukani, kile chuma kirefu kinachoshuka kutoka usukani, kuna kifaa kinachoiarifu kompyuta dereva anakata wapi. Nilimwona mtu wa maneno mengi.

Kabla ya Kamukuywa zilikuja kona mbili za kushoto. Kimya. Ikaja ya kulia: king'ora, taa, tukavutwa. Nilifumba macho, nikaelewa. Nilikuwa nimenyoosha kile ambacho mkono unashika, lakini mtaimbo ulibaki umegeukia kushoto. Gari liliamini kwamba Wacuka anakata kushoto siku zote. Kila alipokata kulia lilidhani limemponyoka, likafunga gurudumu ili limwokoe.

Nilipaswa kusema palepale. Nilihesabu badala yake kilomita zilizobaki hadi Webuye, ambako ningeweza kushuka.

Wacuka alitakiwa kuwa Bungoma saa tano, kwenye shirika lililotafuta dereva wa kuwazungusha wauguzi vijijini. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwanamke pekee kati ya wote walioitwa. Baba yake alikuwa amekubali shingo upande, kwa sharti kwamba amwone akiendesha njia nzima.

Misikhu gari lilitupeleka hadi kwenye changarawe, hatua chache kutoka kwa mama mmoja aliyeuza sukuma wiki. Mama yule aliruka akiwa na kisu mkononi.

"Zima," Kagwe alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sasa, na hiyo ilinitisha zaidi. "Shuka. Mimi ndiye nageuza. Tunarudi nyumbani."

"Baba, mtihani ni saa tano."

"Mtihani umeufanyia hapa. Umeanguka. Utabeba wauguzi wa watu hivi? Uwarudishe kwa sanduku?"

Wacuka alishuka. Hakulia. Alizunguka gari, akafungua mlango wangu, akainama hadi macho yetu yakawa sawa.

"Mzee Sifuna, wewe ulikuwa nyuma. Uliniona nikikanyaga breki?"

Lori la mahindi lilikuwa limeegeshwa mbele yetu, limeelekea Webuye, na dereva wake alikuwa anapanda. Ningesema sikuona. Lilikuwa neno moja tu, na sanduku langu halikuwa zito.

"Hukukanyaga," nikasema. "Ni mimi."

Kagwe aligeuka. "Wewe nini?"

Nikamweleza yote, usukani, mtaimbo, hata yule fundi wa Eldoret.

"Ulijua tukitoka Kitale?"

"Nilijua tukifika Kamukuywa."

"Ukanyamaza kutoka Kamukuywa mpaka hapa, na mtoto wangu anatukanwa."

"Ni wewe ulikuwa unanitukana, Baba," Wacuka akasema.

Lori lilipiga honi, likaondoka.

Nilitoa jeki. Nilimwomba yule mama kamba ndefu ya katani, ya kupimia magurudumu ya mbele yalingane na ya nyuma.

"Mnafunga nani, dereva?" aliuliza. "Na hii gari bana, imevaa viatu virefu hivi, inaenda harusi ya nani?"

Wacuka alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilitoa waya wa betri, nikachomoa usukani, nikaurudisha mahali pake pa kwanza, kisha nikaingia chini. Kagwe alichuchumaa na koti lake la kanisani akishika ncha ya kamba. Upande wa pili nati ilikuwa imekaza. Wacuka alijilaza kwenye changarawe na blauzi yake nyeupe, akanipokonya spana, akailegeza. Saa tano ilitukuta hapo hapo chini.

Kona ya kwanza ya kulia baada ya Misikhu ina mteremko. Wacuka hakupunguza mwendo. Nilisikia mlio wa magurudumu tu, bila king'ora.

Tulifika Bungoma saa sita kasorobo. Walimruhusu afanye mtihani, akafaulu, lakini kazi alipewa Wangila, mwanamume aliyefika mapema. Miezi minne baadaye Wangila aliacha, wakampigia Wacuka simu. Aliwaendesha wauguzi hadi mwaka 2009, kisha akaolewa Matulo, na sasa anafundisha udereva. Kagwe aliliuza gari lile, akanunua pikapu kuukuu. Tukikutana Kitale hunisalimia kwa mkono, lakini pikapu huipeleka kwa fundi mwingine.

Mimi sikufika Malaba. Nilirudi Kitale kwa sababu kulikuwa na magari mengine mawili niliyoyanyoosha usukani kwa namna ileile. Moja lilikuwa la mwalimu, nikalirekebisha. La pili lilikuwa limeshauzwa ng'ambo ya mpaka wa Suam. Nilivuka mara tatu kuliulizia. Ni jeupe, lenye springi ndefu. Sikulipata.