Majani Kati ya Vigingi

"Themanini na sita," mpimaji alisema, akainuka na magoti yaliyolowa umande. Fremu yake ya mbao ilikuwa na vijumba mia vilivyogawanywa kwa uzi, na kila kijumba chenye majani kilihesabiwa alama moja. Mwaka wa kwanza, hapa hapa kati ya vigingi vinne, kwenye kimoja cha vipande ishirini anavyopimia mlima mzima, alipata tisa tu. Alilia siku ile, mbele ya shemeji yake, wala hakuona haya.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe na mfugaji wa mbuzi, ndiye aliyembebea fremu miaka yote tisa.

"Mlima umepona, shemeji," mpimaji alimwambia. "Ofisi itaruhusu mifugo zaidi wiki ijayo. Wanangoja ripoti yangu tu."

"Ukisema umepona, umepona. Msomi ni wewe, mimi na mbuzi wangu tunafuata."

Siku zote walipima msimu wa ukungu, mtu haoni hata ncha ya viatu vyake. Safari hii ofisi ilikuwa na haraka, na anga lilikuwa jeupe, bila ukungu. Upepo ulimpokonya kofia, akaifuata hadi juu ya jabali, akageuka.

Akapigwa na butwaa. Mteremko mzima ulikuwa kipara, udongo na mawe, na katikati yake kulikuwa na kipande cha kijani chenye kingo zilizonyooka, kama mkeka uliotandikwa sakafuni. Mbele kidogo, kingine. Akaketi.

"Shemeji, mbuzi wako hawaingii ndani ya vigingi?"

"Waingie wafuate nini? Nawafukuza kwa fimbo. Kiangazi majani nayamwagilia maji kidogo." Alisema kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Ulivyolia siku ile, nikaapa bustani za mke wa kaka hazitanyauka nikiwa hai."

"Zote ishirini?"

"Zote. Kwani umeniona mvivu?"

Hakujua amkemee au amkumbatie. Akisema kweli, mbuzi wa shemeji ndio watakaoshushwa kwanza, na ripoti zake tisa zitakuwa takataka. Akinyamaza, mifugo itapanda, na mvua itauporomosha udongo huu juu ya nyumba zao kule chini.

Akashuka, akaiokota fremu, akapiga hatua tatu nje ya vigingi.

"Shika upande wa pili."

"Huko hakuna kitu, shemeji."

"Najua. Shika tuhesabu."

Alishika, na tabasamu likamfutika usoni taratibu. Wakainama pamoja juu ya kijumba cha kwanza. Nyuma yao mbuzi mmoja alikuwa ameshaingia kati ya vigingi, anatafuna, na fimbo ilikuwa chini.