Kamba Inataka Mikono Miwili

Jamani, leo mchana nimelala na viatu miguuni kwa hasira. Mama Nkwimba, mlinzi wa lile bwawa letu dogo la hifadhi, kanifokea mbele ya wageni! Kisa? Nimerekodi changarawe inayong'aa ukingoni. "Mhoja, futa hiyo," kasema. "Hapa palikuwa duara, shimo la dhahabu. Mume wangu yuko chini ya haya maji mpaka leo. Ukiirusha, kesho watakuja na sururu, na ndege hawa basi tena." Nikamwambia, "Mama, hii itanipa wafuasi elfu kumi!" Akafunga geti, akatikisa mnyororo mara tatu, kile kituko chake tunachomcheka siku zote. Mimi huyo nyumbani, usingizi ukanichukua kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurusha.

Nikaota niko palepale, lakini maji hakuna, ni mdomo wa shimo tu, na kaka mmoja mnene aitwaye Tamaa ananifunga kamba kiunoni huku akichekelea, "Shuka, staa wangu! Ukitikisa mara mbili nakushusha, mara tatu nakuvuta." Weee, kuta zinameta, mimi narekodi tu, nikija kushtuka mwanga wa juu umebaki mdogo kama kifuniko cha soda, magogo yanayozuia kuta yanalia, maji yako magotini. Nikatikisa kamba kwa mkono mmoja: moja, mbili, ya tatu ikaniponyoka. Nikashushwa! Nikarudia. Mbili tena, chini tena, maji kifuani.

Hapo akatokea dada mwembamba mwenye mabuti na taa kichwani. "Naitwa Kiasi," akasema taratibu. "Kamba hii inataka mikono miwili."

"Na simu yangu je?"

"Kila aliyeshuka aliniuliza hivyo. Muone yule, aliuliza kuhusu mfuko wake wa mawe."

Nikamwona mwanamume kakumbatia mfuko, anatikisa kamba iliyooza: mbili, mbili, mbili. "Mdogo wangu," akaniita, "nisalimie Nkwimba na mama yake." Maji yakafika kidevuni. Nikataka kuiachia simu, wallahi nilitaka, vidole vikakataa.

Nikaamka natweta, simu nimeibana mpaka mkono umekufa ganzi. Ndipo ule mnyororo ukanirudia kichwani. Mara tatu. Kumbe kila akifunga geti yule mama anamvuta mumewe.

Nikaifuta ile video, nikakimbia mpaka getini, nikaweka simu chini kwenye majani, nikashika mnyororo kwa mikono yote miwili. Moja. Mbili. Tatu.

"Umeifuta?" akauliza Mama Nkwimba kutoka ndani.

"Nimeifuta, mama."

Akaja, akafungua.