Chungu cha Jabez Truscott

"Polgarrow nzima hakuna chungu kinachochemka kama changu!" Jabez Truscott alitamba juu ya jukwaa la kura, kifua mbele.

"Chemsha maneno, Jabez, ndiyo kazi unayoiweza!" umati ukamjibu.

Siku hizo mji wa Polgarrow bado ulikuwa jimbo la uchaguzi, na sheria yake nyepesi: chungu chako kikichemka siku zote mekoni pako, una kura, hakichemki, huna. Kura yenyewe uliitamka kwa mdomo, watu wote wakisikia, na msimamizi wa kabaila mwenye nyumba zote za mji akikutazama usoni. Jana yake msimamizi huyo alimwambia Jabez polepole, kama anayempa pole: "Kura yako ikikataliwa, Jumamosi uhame. Nyumba ni za wapiga kura."

Sasa wagombea wawili, wa kabaila na mpinzani wake, walikuwa sare, arobaini na moja kwa arobaini na moja. Aliyebaki ni Jabez peke yake.

"Umepika lini?" akauliza wakili wa yule mpinzani, mwembamba kama sindano.

"Leo asubuhi, bwana. Uji wa shayiri. Nusa koti langu."

Wakili akanusa. Kweli koti lilinuka moshi, na macho ya Jabez yalikuwa mekundu kama ya mfiwa. Jabez akajipongeza moyoni.

"Moshi wote huo, kwa uji tu?"

"Kuni mbichi, bwana." Jasho likaanza kumtambaa mgongoni.

"Jirani yake nani?" wakili akaugeukia umati.

Akapanda Keziah Oke, dada wa marehemu mkewe, unga ungali mikononi. Jabez akamnong'oneza, "Shemeji, nipo chini ya miguu yako."

"Ungekuwa huko, nisingekuona kila mlo," alijibu bila kumtazama.

Akapewa Biblia. Akaishika, akaiachia, akaishika tena. Msimamizi naye aliacha kutafuna tumbaku yake.

"Sema, mama," wakili akamhimiza.

"Dada yangu tulimzika mwezi wa tatu, mwaka jana," alisema Keziah. "Tangu siku hiyo huyu anakula kwangu. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona moshi kwake. Nao ulitokea mlangoni, bwana, si juu ya paa. Dohani yake imejaa viota vya kunguru mpaka juu."