Maoni ya Wakili Bila Koti

Wakili Muthama alikuwa na ofisi ya chumba kimoja hapa Kitui mjini, na mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hiyo hiyo, upande wa kushoto wa mlango wake. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na saba. Basi la Nairobi lilifika saa nne na magazeti, na likifika tu, wakili anatoka nje, anavua koti, analitundika kwenye msumari, anakaa na kuanza kusoma kwa sauti. Koti likiwa kwenye msumari, alituambia, yeye si wakili tena. Ni Muthama tu, mwana wa Kiilu, na anayosema ni maoni.

Na maoni alikuwa nayo, jamani. Mahindi yakipanda bei, alijua ni nani amefunga ghala. Ile kesi ya maiti iliyojaa magazetini miezi mingi, watu wakigombania mahali pa kumzika mwenzao, yeye aliihukumu mara tatu, na kila mara kivingine. Habari za kura ya mlolongo, watu kupanga foleni nyuma ya mgombea wao, zilipoandikwa, aliangalia kwanza barabara upande huu na upande ule, halafu akasema polepole, "Mlolongo ni kitu kizuri kwa mtu mrefu. Anaonekana." Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu. Gazeti la bure likisomwa kwa sauti nzuri, kwa nini nikatae?

Siku moja nilimtegea kitendawili.

"Kwata ndai," nikamwambia, ndivyo kwetu kitendawili kinavyofunguliwa.

"Nakwata."

"Mgeni wangu huongea nyumba nzima isikie, lakini ukimuuliza swali hajibu."

"Redio."

"La."

"Gazeti."

"La. Nipe mji."

"Chukua Mwingi."

"Nimeenda Mwingi, nikapewa kiti, nikala, nikashiba, nimerudi. Jibu ni wewe."

Alicheka mpaka akafuta macho. Alikuwa mtu wa kutaniwa, huyo, na ndiyo sababu watu walikaa hapo. Bulle, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka upande wa Garissa, alikuwa akisimamisha lori lake mbele yetu kila siku ya soko ili asikie habari, ingawa redio alikuwa nayo ndani ya lori.

Sasa, kulikuwa na mjane wa Zombe jina lake Kalondu. Kila Jumatatu alileta pojo sokoni, na akiniletea nguo ya kushona alikaa kwenye baraza akingoja basi la kurudi. Mume wake alikufa bila kuacha mtoto. Kalondu akafanya kama watu wetu wanavyofanya nyumba isizimike: akatoa mbuzi, akamwoa msichana anayeitwa Ndila, amzalie watoto kwa jina la marehemu. Mke wa namna hiyo sisi tunamwita iweto. Ndila alikuwa na watoto watatu tayari. Alimwita Kalondu mwaitu, mama yangu, na kazi ya shamba ilikuwa mikononi mwa Ndila.

Jumatatu hiyo wakili alifungua gazeti akasoma habari ya jaji mmoja aliyemkatalia mwanamke aliyeolewa na mwanamke kurithi shamba.

"Mimi nasema ukweli," wakili akasema. "Haya mambo ya iweto yamekwisha. Kwenye fomu utaandika nini? Mume: nani? Hakuna kitu hapo. Mke kama huyo afunge mizigo mapema, asingoje kufukuzwa."

Bulle akauliza, "Na watoto, wakili? Wao wafunge nini?"

"Bwana Bulle, mimi sikuumba sheria." Akageuza ukurasa, akaenda kwenye habari za mpira.

Kalondu akasimama. Nguo yake ilikuwa bado pindo moja. "Lete hivyo hivyo, Mama Kavata," akaniambia. "Hiyo iliyobaki nitashona mwenyewe." Nikafikiri anawahi basi.

Wiki tano zikapita. Jumanne moja asubuhi nikamwona Ndila stendi, na watoto watatu, na kitanda kilichofunguliwa miguu, na kuku ndani ya kikapu. Nikaenda kumsalimu.

"Mnahama?"

"Naenda kwa mama, Kalamba."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Mwaitu ameniambia niende." Aliongea akiwa anafunga kikapu, hakuinua uso. "Wapimaji wa mashamba walipokuja, wazee waliandika shamba letu kwa jina la Ndolo, yule ndugu ya marehemu. Rejista iko kwa chifu siku sitini. Mtu asiyekubali aandike pingamizi. Nikamwambia mwaitu, twende tukaandike. Akasema ni kazi bure. Wakili wa Kitui amesema iweto hana kitu, na afadhali niondoke nikiwa na heshima kuliko kutupiwa vyombo nje na Ndolo."

"Siku sitini zinaisha lini?"

"Ijumaa."

Nikarudi barazani. Wakili alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mpira tena. Nikamwambia yote, tangu pindo mpaka kuku. Akashusha gazeti.

"Lakini mimi nilikuwa naongea habari tu!"

"Ndiyo."

"Koti lilikuwa pale!" Akaonyesha msumari. "Mama Kavata, wewe si uliona? Watu wote wanajua."

"Sisi wa hapa tunajua. Kalondu ni wa Zombe. Yeye alimwona wakili, mbele ya ofisi ya wakili, anasema sheria."

Akalitazama lile koti, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Hao wa kupima, wanafuata kitabu au desturi ya mahali?"

"Mimi ni fundi wa nguo, baba."

"Desturi," akajijibu. "Wanafuata desturi. Kesi ya gazeti ilikuwa ya mahali pengine kabisa. Huyu mama angeandika pingamizi tu, angesikizwa." Akatoa koti msumarini akalivaa, na jua lilikuwa kali.

Alitaka kwanza kuandika barua. Nikamwambia barua ya Zombe itafika watu wakiwa wameshapanda mtama wa Ndolo. Kesho yake Bulle alikuwa anaenda Zombe kuchukua mbuzi, lori likiwa tupu. Tukaenda naye. Mimi nilienda kwa sababu nyumba naijua, na kwa sababu wakili aliniomba mara mbili.

Tulimkuta Kalondu anapepeta pojo. Alitupa viti, akatupa maji, akarudi kwa ungo wake.

"Mama," wakili akaanza, "nimekuja kwa ajili ya lile neno nililosema."

"Nililisikia. Asante."

"Si hivyo. Lile halikuwa neno la kisheria. Yalikuwa maoni. Ukweli ni kwamba unaweza kuandika pingamizi, na una nguvu."

Kalondu akapepeta kidogo. "Siku ile ulisema, mimi nasema ukweli. Leo pia unasema ukweli. Huu ni wa ngapi?"

Bulle akakohoa.

"Wakili, nikuambie," Kalondu akaendelea, bila hasira. "Siku ile hukujua mimi ni nani. Hukutaka kitu kwangu, hukuniogopa, hukunihurumia. Mtu akiongea hivyo ametoa kilicho moyoni. Leo umepanda lori la mbuzi, umevaa koti kwa jua hili. Umekuja kufunika. Mimi nimeshamwambia msichana wa watu aende, ameenda akilia. Unataka nimrudishe, halafu Ndolo amtupie vyombo mbele ya watoto?"

Wakili akasogeza kiti karibu na ungo.

Akauliza, "Ntheo ilienda?"

Ntheo ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana. Kwetu, bila hao hakuna ndoa, hata mkae pamoja mpaka mzeeke.

"Ilienda. Mbuzi watatu."

"Nani aliwapeleka?"

Kabla hajajibu, Ndolo mwenyewe akatokea njiani, fimbo kwapani, kofia nyuma ya kichwa. Aliliona lori, akaja kuona ni nini. Akaliangalia koti la wakili.

"Karibuni, karibuni. Ninyi ni wa kanisa?"

"Tumekuja kumwona mama," wakili akasema.

"Vizuri. Mwombeeni, ana mawazo. Lakini mambo ya shamba yamekwisha, hata wakili mkubwa wa Kitui ameyakata. Mnamjua? Mtu mnene, ana ndevu, akiongea ni kama ngurumo."

Muthama alikuwa mwembamba kama mpini, na kidevu chake kilikuwa laini kama changu. Bulle aligeuka akaanza kuangalia gurudumu la lori lake kwa bidii sana.

"Nimemsikia," wakili akasema kwa upole. "Na huyo msichana aliyeondoka, alikuwa amekuja tu hapa, bila mpango?"

"Kuja tu?" Ndolo alichomeka fimbo chini. "Sisi si watu wa ovyo, pasta! Ntheo nilipeleka mimi mwenyewe. Mbuzi watatu, kwa miguu, mpaka Kalamba, siku mbili. Na mmoja nilimchinja kwa mkono huu. Waulize!"

"Kwa nyumba ya nani?"

"Nyumba ya ndugu yangu, kwani nyumba ya..."

Akatuangalia mmoja mmoja, na akaishia kwa koti.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule mnene mwenye ndevu."

Bulle alishindwa kujizuia akacheka, akazunguka upande wa pili wa lori.

"Basi si ulishasema!" Ndolo akapaza sauti. "Ulisema mwenyewe, iweto hana kitu!"

"Nilisema. Nilisema bila kuuliza kama kuna ntheo, bila kumjua huyu mama, bila kujua shamba liko wapi. Nilikosea." Akamgeukia Kalondu, akarudia. "Mama, nilikosea. Nasema mbele ya huyu shemeji yako. Na pingamizi likiandikwa, shahidi wangu wa kwanza ni yeye, kwa sababu ndiye aliyemchinja mbuzi."

Ndolo akasema mambo mengi, na mengine siwezi kuyaandika. Kalondu hakuyasikiza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amefunga kitambaa na kuvaa viatu.

"Kwa chifu wanafunga saa ngapi?" akauliza.

Tulifika karani akiwa ameshika kufuli. Wakili aliandika, Kalondu akaweka kidole. Karani akagonga mhuri, akasema, "Nilidhani huko hakuna mtu wa kupinga."

Lakini pingamizi si shamba. Wazee wangesikiza baada ya mvua, na siku hiyo lazima iweto mwenyewe awepo, akae kwenye nyumba yake, ajibu kwa mdomo wake. Kwa hivyo mwezi uliofuata nilimsindikiza Kalondu mpaka Kalamba. Alibeba sukari na shuka mpya. Mama yake Ndila alizipokea, akaziweka kando, akaondoka hapo ili hao wawili waongee.

"Mwaitu, uliniambia niende," Ndila akasema. "Nikaenda. Sasa unaniambia nirudi. Wazee wakikataa je? Nitafungua kitanda tena?"

"Wazee wakikataa, kitanda changu pia kitafunguliwa."

"Uliamini mtu wa gazeti kuliko mimi. Mimi niliyelima hilo shamba miaka tisa."

"Ndiyo," Kalondu akasema. "Niliamini."

Hakujitetea, na hakulia. Watoto walikuwa wanachungulia mlangoni, yule mdogo ameshamshika Kalondu nguo. Ndila akamfuta mtoto pua. Nilikuwa na kitendawili kizuri cha kuwachekesha, nikakiacha tumboni.

"Nitarudi," Ndila akasema. "Lakini mambo yangu kwa wazee nitasema mwenyewe. Wakili asiniongelee."

Tulimpelekea wakili neno hilo. Alikubali, na siku yenyewe alikaa nyuma, mikono magotini, kama mgeni katika kanisa la watu wengine.

Wazee walikaa pale pale shambani, wote tisa, pamoja na ofisa wa kupima. Ndolo aliulizwa habari ya mbuzi. Kukana hakuweza, kwa sababu kina Ndila walikuwa wamekuja, na mjomba mmoja alikumbuka mpaka rangi zao. Ndila akaulizwa yeye ni mke wa nani.

"Wa nyumba ya huyu," akasema, akamwonyesha Kalondu. "Na watoto wangu wana jina la mwenye nyumba. Ndolo ndiye aliyenileta. Kama mimi si mke, basi yeye alimwiba mtoto wa watu Kalamba, na aseme hapa ameniiba kwa sababu gani."

Wazee walicheka, na Ndolo naye akacheka kidogo, bila kupenda. Walinong'onezana kama robo saa. Kisha ofisa akasoma: shamba la juu lote, lenye nyumba, liandikwe kwa Kalondu, na Ndila na watoto wake ndio watakaorithi. Kipande cha chini karibu na mto kibaki kwa Ndolo, kwa kuwa amekilima misimu minne na hakuna aliyemkataza.

Kalondu alishika mkono wa wakili akamshukuru. Wakili akaangalia chini, akasema ni kazi tu.

Ndila hakumshukuru mtu. Alimfuata ofisa aliyekuwa anafunga karatasi, akamwambia anataka mpaka wa kile kipande cha mto upimwe tena, leo, akiwa amesimama hapo anaona kwa macho yake. Ofisa akasema saa zimekwenda. Ndila akasema atangoja. Wapimaji wakanung'unika, wakautoa mnyororo wa kupimia kwenye gari, wakaanza kushuka mteremko, na yeye mbele yao.