Kidonge Kisichotajwa Mbele ya Mkwe

Bibi Mito alikuwa hakaliki. Benchi la kliniki ya kifua lilikuwa na nafasi, tena nafasi nzuri ya pembeni penye ukuta wa kuegemea, lakini yeye anakaa, anainuka, anakwenda mpaka mlangoni, anasoma kibao kilekile alichokwisha kukisoma mara nne, kisha anarudi anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Na hizo ni hatua kumi na mbili tu! Mwaka uliopita alikuwa anabeba gunia zima la sufi tangu barabarani mpaka chumbani kwake, na njiani bado ana pumzi ya kutaniana na majirani.

“Mama, kaa basi,” mkwewe alisema. “Unanizungusha kichwa.”

“Wewe si kinyozi? Kila siku unazungusha vichwa vya wenzio. Leo zamu yako.”

Waliokuwa karibu wakacheka. Bibi Mito naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikavu kama kijiti kinachovunjwavunjwa, na hapo ndipo akakaa, maana miguu ilikataa.

Jina hilo la Bibi Mito alipewa na mtaa. Alikuwa fundi wa mito na magodoro, anachambua sufi kwa mkono, anatoa mbegu, anajaza, anashona mdomo wa foronya kwa mshono usioonekana. Kikohozi kilipoanza, watu wote walikuwa na jibu tayari: vumbi la sufi. Daktari naye alipoambiwa kazi yake, akasema huenda ni vumbi, wapige picha ya kifua ile kubwa ya mashine, warudi. Kinyozi hakusubiri picha. Jioni ileile alitoa magunia, akafunika cherehani kwa shuka kama maiti, akatangaza kwamba daktari akirudia neno “vumbi” mara ya pili, cherehani inatoka nyumbani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anampenda mama mkwe wake kuliko baadhi ya watu wanavyowapenda mama zao wa kuwazaa.

Wiki sita zikapita bila sufi. Kikohozi hakikupungua hata chembe, ila mikono ya Bibi Mito ndiyo iliyougua. Ilikuwa inakunja pindo la nguo na kulikunjua, inachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo halikuwahi kutajwa katika nyumba ile. Miaka minne nyuma Bibi Mito aliteswa na mkojo unaochoma. Anatibiwa, anapona, mwezi haujaisha umerudi. Tabibu mmoja mwanamke akampa vidonge vya njano, kimoja kila jioni baada ya chakula, akamwambia, “Endelea navyo mpaka nitakapokuambia.” Kisha tabibu akahamishwa, na hakuna aliyemwambia kitu tena. Vidonge vikaisha, akaenda duka la dawa na karatasi yake, mama muuzaji akampa vingine. Na vingine. Karatasi ikachakaa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Mkojo ulibadilika rangi ukawa kama chai kavu, lakini ulitoka kwa amani, na Bibi Mito akamshukuru Mungu.

Vidonge alivificha kwenye kopo la sindano. Alikuwa anaishi kwa binti yake, nyumba ya mkwe, na habari za mkojo utazianzia wapi mbele ya mkwe? Hata binti hakujua. Tena, kwa Bibi Mito, dawa ni kitu anachomeza mgonjwa, na yeye ugonjwa ule ulishamtoka. Kile kidonge kilikuwa kama kusukutua mdomo, kitu cha kumalizia chakula tu. Ndiyo maana mara ya kwanza daktari alipouliza, “Anatumia dawa yoyote?” na kinyozi akadakia, “Mama yangu huyu? Hata ya kichwa hamezi!” yeye alitingisha kichwa kukubali, tena kwa majivuno kidogo.

Leo binti yake alikuwa nyumbani na kichanga cha siku tisa, kwa hiyo ni kinyozi tena aliyemsindikiza, chupa ya maji mkononi na maneno mdomoni.

Wakaitwa. Daktari alikuwa kijana wa miwani, rika la kitindamimba wake. Aliwageuzia kioo cha kompyuta.

“Shikamoo, bibi. Hapa juu pafu liko sawa. Huku chini, unaona michirizi hii kama wavu? Haya ni makovu.”

“Makovu! Ndani ya kifua? Nani kanikata?”

“Hakuna aliyekukata. Pafu limeumizwa kidogo kidogo, muda mrefu, likawa linajiponya kwa kovu. Penye kovu halitanuki vizuri.”

“Kama mto ulioloa,” Bibi Mito akasema polepole. “Sufi inashikana mabonge. Ukibonyeza, haurudi.”

“Hivyo hivyo. Sasa ni nini kimeumiza? Inaweza kuwa vumbi. Inaweza kuwa ndege wa kufugwa, au magonjwa ya viungo. Kuna na dawa, zikitumika muda mrefu. Baadhi za moyo. Hata antibiotiki fulani wanazopewa watu wenye maambukizi ya mkojo yanayojirudia.”

Bibi Mito akalikumbuka kopo la sindano.

“Dawa tuzifute, daktari,” kinyozi akasema. “Hatumii. Andika sufi tu. Mimi ile cherehani nitaitoa leo leo.”

Daktari akashika kalamu. Bibi Mito akainuka. Akakaa. Akainuka tena.

“Mwanangu, hebu kaniletee maji.”

“Haya hapa, mama, nimekuja nayo.”

“Nataka ya baridi.”

“Ya baridi yatakukohoza.”

“Basi nenda kamtazame yule mzee aliyekuwa karibu yetu, kama ameitwa.”

“Mama! Mzee yupi? Mimi siwezi kukuacha peke yako hapa.”

Kalamu ilikuwa inatembea. Neno likiisha kuandikwa pale, sufi itahukumiwa, cherehani itaondoka, na kile cha njano kitaendelea kumngoja kila jioni ndani ya kopo. Alifungua mdomo aseme wazi. Ulimi ukagoma kabisa. Ndipo likamtoka lile alilozoea kuwatolea wajukuu:

“Kitendawili!”

Daktari akainua kichwa. Kinyozi, kwa mazoea ya nyumbani, akajibu hata kabla hajafikiri: “Tega!”

“Cha njano kama kiini cha yai. Kinaingia juu, kinazima moto wa chini.”

“Chai ya tangawizi,” kinyozi akasema.

“Hapana.”

“Supu?”

“Supu inazima moto gani wewe?”

Daktari aliweka kalamu chini. “Bibi, kinaingia kila siku?”

“Kila jioni. Baada ya chakula.”

“Tangu lini?”

“Tangu mjukuu wangu mkubwa hajaota meno. Sasa yuko chekechea, anagombana na watu.”

“Mimi nimeshindwa,” kinyozi akasema. “Chukua mji, mama.”

“Leo sitaki mji. Nataka pumzi yangu.”

Daktari akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama kinyozi, “Ni kidonge cha mkojo, bibi?”

“Ndiyo, baba. Ndicho.”

Kinyozi aligeukia bango la kunawa mikono ukutani, akalisoma kama mtu atakayeulizwa mtihani.

Daktari aliuliza jina lililoandikwa kwenye pakiti, Bibi Mito akalitaja silabi kwa silabi. Daktari akavuta pumzi. “Hicho leo usimeze. Wala kesho. Nadhani ndicho, ingawa siwezi kuapa kwamba sufi haina kosa. Shona, lakini dirisha wazi na barakoa puani, mpaka tupime tena.”

“Na pumzi itarudi?”

“Baadhi inaweza kurudi. Kovu lililokomaa halifutiki, bibi, sitakudanganya.”

“Na mkojo ukianza tena kunichoma?”

“Uje uniambie. Kwa maneno ya kawaida.”

Nje, kinyozi alimfungulia chupa ya maji. Akasema, “Mama, mimi ndiye niliyesema humezi dawa.”

“Na mimi ndiye niliyetingisha kichwa. Twende duka la dawa.”

“Si umeambiwa uache?”

“Twende, nimesema!”

Njiani alisimama mara tatu kuhema. Dukani kulikuwa na foleni, wanaume wawili na msichana mmoja. Mama muuzaji alipomwona tu, mkono ukaenda kwenye rafu ya vidonge vya njano.

“Rudisha,” Bibi Mito akasema, akishika kaunta kwa mikono miwili. Alihisi foleni nzima nyuma ya shingo yake, na mkwewe bega kwa bega. “Hivyo vidonge vya mkojo nimemeza miaka minne. Daktari ameona makovu kwenye mapafu yangu, anasema huenda ni hivyo. Wewe ulinipa, mimi nikapokea, hatukuulizana. Sasa nakuuliza. Ni nani mwingine anayekuja na karatasi iliyochakaa?”

Mkono wa muuzaji ulibaki rafuni. “Wapo watatu,” akasema. “Mmoja alikuja juzi.”

“Una simu zao?”

“Ninazo, lakini bibi, nitawaambia nini? Wataogopa.”

“Waambie warudi kwa daktari na karatasi zao. Piga. Mimi siondoki.”

Kinyozi alimsogezea stuli. Kwa mara ya kwanza siku ile Bibi Mito alikaa akatulia, ila macho ndiyo yaliyokuwa yanaruka kutoka simu mpaka usoni kwa muuzaji. Muuzaji akapiga, simu ikaita mara mbili.

“Shikamoo, mama. Hapana, sijakupigia kwa ajili ya mzigo mpya. Nakuuliza tu, kifua kikoje siku hizi?”

Kabla ya jibu kilikuja kikohozi, kikavu, kirefu, na duka zima likakisikia.